Kumtafuta Mchongaji: mwongozo kamili wa kundinyota hafifu la kusini na galaksi zake

Toka nje usiku wa Novemba, mbali na taa, ugeukie kusini na uinue macho hadi karibu na utosi. Utaona nyota chache zenye nguvu zimetawanyika pembeni, na katikati yake eneo kubwa ambalo kwa mara ya kwanza linaonekana halina kitu kabisa. Watu wengi hulipita eneo hilo wakielekea Kilimia au nyota za Orioni zinazopanda mashariki. Mwongozo huu ni wa kukubakiza hapo hapo, kwenye weusi ule, mpaka uuone ulichobeba.

Eneo hilo ni kundinyota la Mchongaji, ambalo ramani na programu za simu huliandika Sculptor. Nyota yake angavu kuliko zote, Alfa, ina mwangaza wa 4.3 tu. Kipimo hiki huenda kinyume na mazoea: namba inavyokuwa kubwa, ndivyo nyota inavyokuwa hafifu, na jicho zima kwenye giza zuri huishia kwenye 6 hivi. Katikati ya Dar es Salaam au Nairobi, basi, Mchongaji hana hata nyota moja utakayoiona kwa urahisi.

Kwa nini pako wazi hivyo? Jua letu limo ndani ya sahani pana na nyembamba ya nyota, yaani galaksi yetu. Fikiria umesimama katikati ya shamba la mahindi yaliyokupita urefu. Ukitazama kushoto au kulia, mabua yamebanana na huoni mbali. Ukiinua uso juu, hakuna bua la kukuzuia. Njia ya Maziwa ndiyo mabua yale, yaani sahani ikitazamwa kwa ubavu, na Mchongaji ndiko "juu" kwenyewe: ncha ya kusini ya galaksi yetu imo ndani ya mipaka yake. Ukitazama huko, nyota za kwetu na vumbi lake vinakwisha haraka, na jicho linatoka nje hadi kwenye galaksi nyingine. Ndiyo maana kundinyota lisilo na nyota za kujivunia limejaa galaksi.

Aliyelichora ni Mfaransa, Nicolas-Louis de Lacaille. Alifika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751, na katika miaka ya 1751 na 1752 akapima nafasi za nyota karibu 10,000 za kusini kwa kidarubini kilichokuza mara 8 tu. Alitunga makundinyota mapya 14, na karibu yote aliyapa majina ya vyombo vya sayansi na sanaa vya zama zake: darubini, hadubini, pampu, tanuri, saa, patasi. Hili aliliita karakana ya mchongaji, lenye kinyago juu ya meza na nyundo pembeni. Usijaribu kukitafuta kinyago. Nimejaribu kuunganisha nyota zile kwa kila namna na sijawahi kuliona umbo lolote la maana. Kinachofaa kukumbuka ni njia ya kufika.

Wakati wa kutoka

Kwa anayeishi Kenya au Tanzania, Mchongaji hufika juu kabisa kusini mnamo saa tatu na robo usiku katika wiki ya tatu ya Novemba. Kila wiki inayopita, nyota hutangulia kwa karibu nusu saa. Kwa hiyo katikati ya Oktoba kilele chake ni saa sita kasorobo usiku, katikati ya Septemba ni karibu saa nane usiku, na mwanzoni mwa Desemba ni mara tu baada ya saa mbili. Januari bado yupo: giza likishaingia ameshainamia magharibi, lakini hadi saa tatu usiku anatazamika vizuri.

Tatizo ni mvua. Pwani na Kenya, vuli huangukia miezi hiyo hiyo, hivyo unaishi kwa kuvizia mwanya kati ya mawingu, au unaamka usiku wa manane Septemba, au unangoja kiangazi cha Januari. Nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na Katanga pia, Septemba na Oktoba ni kavu, ila hewa huwa na moshi wa mashamba yanayochomwa, na moshi huua galaksi kabla ya kuua nyota. Mimi huthamini zaidi usiku wa kwanza au wa pili baada ya mvua za mwanzo, hewa ikiwa imeoshwa na mawingu yamepasuka. Ukiupata usiku kama huo usilale.

Mwezi nao ni adui. Fuata mwezi mwandamo: kuanzia kama tarehe 22 hadi tarehe 4 ya mwezi unaofuata, jioni na usiku wa mapema huwa na giza la kutosha. Kati ya tarehe 4 na 22, mwezi mpevu ukiwa angani, kaa ndani uchore ramani yako.

Wasomaji walioko Ghuba na Ulaya wajue wanachopoteza. Galaksi kuu ya kundinyota hili, NGC 253, kutoka Dar es Salaam hupanda hadi nyuzi 71 juu ya upeo wa macho, na kutoka Lubumbashi nyuzi 76. Kutoka Muscat ni nyuzi 41, ambazo bado ni nzuri sana. Kutoka London ni nyuzi 13 tu, ndani ya ukungu wa chini. Sisi wa huku tumepewa mahali ambapo wengi husafiri kupafuata.

Vifaa, na macho yenyewe

Huhitaji darubini kubwa kuanza. Darubini ya mikono miwili, ile ya macho mawili ya 7x50 au 10x50, inatosha kwa vitu vinne vya kwanza. Namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, na hiyo ya pili ndiyo inayokamata mwanga. Kama una darubini ya kioo ya milimita 150 au 200, utaona zaidi, lakini anza na lenzi ya jicho inayokuza kidogo, mara 30 hadi 40. Kosa ninaloliona kila ninapowatembeza watu angani ni kukimbilia kukuza. Galaksi hizi ni pana na hafifu, na ukizikuza mno unautandaza mwanga wao mpaka unayeyuka kwenye anga.

Yape macho nusu saa nzima ya giza. Si dakika tano. Katika nusu saa hiyo usifungue simu hata mara moja, kwa sababu mng'ao mmoja mweupe unakurudisha mwanzo. Kwa kusoma ramani tumia tochi uliyoifunika karatasi nyekundu ya nailoni mpaka mwanga uwe dhaifu kabisa. Beba shuka au koti hata kama mchana ulikuwa wa joto, na kitambaa cha kufunika lenzi mnapopumzika, kwa maana umande wa saa nne usiku hutua bila kubisha hodi. Lala chali kwenye mkeka. Kitu kilicho nyuzi 70 juu hukitazami kwa kusimama; shingo itachoka kabla macho hayajaanza kazi.

Kisha jifunze kutazama kando. Sehemu ya katikati ya jicho ni nzuri kwa rangi na kusoma, lakini gizani ni dhaifu. Pembeni yake ndiko kwenye nguvu. Ukishajua galaksi ilipo, elekeza jicho kidogo pembeni yake huku ukiiwazia. Kitu ambacho hakikuwepo kitatokea. Tikisa darubini taratibu, maana jicho hutambua hafifu inayosogea kuliko iliyotulia.

Pembetatu ya kuanzia

Kwa kuwa Mchongaji mwenyewe hana alama, tunamzingira kwa nyota tatu za jirani.

Ya kwanza ni Fomalhaut, yenye mwangaza wa 1.2, nyota nyeupe iliyo peke yake katika eneo lake lote. Jina ni la Kiarabu, fam al-hut, kinywa cha samaki. Mchongaji akiwa juu, Fomalhaut ameshavuka kuelekea magharibi, yaani kuliani kwako ukitazama kusini. Ya pili ni Diphda ya kundinyota la Nyangumi, mwangaza 2.0, iliyo juu karibu na utosi. Jina lake pia ni la Kiarabu, na maana yake ni chura: Waarabu walimwita chura wa pili, wa kwanza akiwa huyo huyo Fomalhaut. Ya tatu ni Ankaa, mwangaza 2.4, chini upande wa kusini, ikibeba jina la anqa, yule ndege wa hadithi.

Kama huna uhakika, kuna mraba mkubwa wa nyota nne upande wa kaskazini, mraba wa Pegasus. Vuta ubavu wake wa magharibi moja kwa moja kuelekea kusini, utafika karibu na Fomalhaut. Vuta ubavu wa mashariki vivyo hivyo, utafika karibu na Diphda.

Pima sasa. Nyoosha mkono, kunja ngumi: upana wake angani ni nyuzi 10 hivi. Vidole vitatu vya katikati ni nyuzi 5, na kidole kidogo ni nyuzi 1. Kila ubavu wa pembetatu hiyo ni ngumi mbili na kitu hadi mbili na nusu na ushei. Sehemu moja ya Mchongaji imo ndani yake, na nyingine imevuka ubavu wa Diphda na Ankaa kuelekea mashariki. Huko ndiko kwenye hazina.

NGC 253

Ukitumia usiku mzima kwa kitu kimoja, kiwe hiki. Herufi NGC zinatokana na katalogi aliyoitoa John Dreyer mwaka 1888, na namba ni nafasi ya kitu katika orodha hiyo.

Shika Diphda katikati ya darubini. Shuka kusini, yaani kuelekea chini ukiwa umeelekea kusini, nyuzi 7 hivi, ukisogea kidogo kushoto. Kwa 10x50, shusha darubini mpaka Diphda itoke kabisa kwa juu, halafu ongeza kidogo tu, na galaksi itaingia kwa chini. Ukipenda njia nyingine, tafuta Alfa ya Mchongaji, ngumi moja na robo chini kushoto kwa Diphda. Galaksi iko kwenye mstari unaoziunganisha, karibu theluthi mbili ya njia kutoka Diphda.

Utakachokiona kwa darubini ya mikono ni mstari mfupi wa kijivu, kama mtu alipitisha chaki iliyolowa ubaoni. Umelala mshazari, kutoka juu kushoto kwenda chini kulia. Urefu wake angani unakaribia upana wa mwezi mpevu, ila nuru yake imetandazwa, ndiyo sababu ya kuikosa mara ya kwanza. Kwa darubini ya milimita 150 au zaidi, mstari unakuwa kama mtumbwi mrefu, katikati pana na pang'avu. Kaa nao dakika kumi. Utaanza kuhisi kwamba uso wake hauko laini, una madoa na michirizi ya giza. Hayo ni mawingu ya vumbi yaliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 11 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja).

Aliyeigundua ni Caroline Herschel, tarehe 23 Septemba 1783, akiwa Uingereza. Kumbuka nyuzi 13 za London, ndipo utaelewa ukubwa wa kazi ya mama huyu: aliichomoa kwenye hewa nzito ya chini kabisa, kwa darubini ndogo. Ninapoilenga nikiwa Iringa, ikiwa karibu na utosi, humkumbuka kila mara.

Kiini chake kinazaa nyota kwa kasi isiyo ya kawaida. Nyota kubwa huzaliwa, huishi muda mfupi na kulipuka, na milipuko hiyo huzipa chembe nguvu za kutisha. Mwaka 2009 darubini za H.E.S.S. zilizoko nyanda za juu za Khomas, Namibia, zilitangazwa kunasa miali ya gama kutoka hapo. Ule mstari wa chaki unaouona kwa lenzi za mkononi, Namibia huusoma kwa mwanga ambao hakuna jicho linaloweza kuuona.

Jirani yake, NGC 288

Usiondoke mahali pale. Kutoka NGC 253 shuka kushoto kwa nyuzi zisizofika 2. Kwa darubini ya mikono vyote viwili vinakaa ndani ya duara moja. Hili ni fungunyota la duara, yaani nyota nyingi zilizosongamana kama mpira, doa dogo la ukungu kwa 10x50. Kwa milimita 200, doa linaanza kuvunjika pembeni na kuwa vumbi la nyota zinazometameta.

Uzuri uko katika kuviona pamoja. Fungunyota ni la kwetu, liko umbali wa miaka ya nuru 29,000 hivi. Galaksi iko mbali zaidi ya hapo kwa karibu mara 400. Na nusu nyuzi tu chini ya NGC 288 ndipo ilipo ncha ya kusini ya galaksi yetu niliyoitaja mwanzo. Hakuna nyota ya kuionyesha, lakini unapotazama hapo unatazama moja kwa moja nje ya sahani.

Chini zaidi: NGC 55 na NGC 300

Hizi mbili aliziandika James Dunlop mwaka 1826 akiwa Parramatta, Australia. Zote ziko karibu nasi kuliko NGC 253, miaka ya nuru milioni 6 na kitu, lakini tabia zake hazifanani.

NGC 55 ni rahisi. Shika Ankaa, panda juu kulia chini kidogo ya nyuzi 4. Ni mstari mrefu na mwembamba, na kinachoipambanua ni kwamba upande mmoja unang'aa kuliko mwingine. Iangalie kwa darubini kubwa na ulifuate lile tawi hafifu mpaka lipotee; kila usiku litapotelea mahali tofauti kidogo, kulingana na hewa.

NGC 300 itakujaribu. Iko nyuzi 8 chini ya Alfa, au nyuzi 7 juu kushoto kwa Ankaa. Vitabu huipa mwangaza wa 8.1, na msomaji hudhani itakuwa nyepesi. Namba hiyo ni ya nuru yote ikikusanywa pamoja, na nuru yenyewe imetandazwa kwenye eneo la kama theluthi mbili za upana wa mwezi, kwa sababu galaksi hii imetuelekezea uso wake. Tumia ukuzaji mdogo kabisa ulio nao, tazama kando, tikisa. Utaona weupe usio na kingo, kama pumzi kwenye kioo. Mji wowote ulio karibu utakunyima, hivyo isikuvunje moyo ukiikosa mara tatu au nne.

Vya kupitia ukiwa na muda

Delta ya Mchongaji iko ngumi moja mashariki mwa Fomalhaut. Ukitoka hapo nyuzi 4 zaidi mashariki utaangukia Blanco 1, fungunyota wazi, yaani la nyota zilizoachana, lililotambuliwa na Victor Blanco mwaka 1949. Ni pana, mara tatu ya mwezi, hivyo ni la darubini ya mikono pekee. Kwenye darubini kubwa linatawanyika na huoni kitu. Kutoka Delta hiyo hiyo, nyuzi 5 kuelekea chini kidogo kushoto, kuna galaksi NGC 7793, yenye mwangaza wa 9, doa la yai kwa milimita 150.

R ya Mchongaji, upande wa mashariki, ni nyota ya kaboni, nyekundu kama kaa la moto linalofifia. Hubadilika mwangaza, kwa hiyo kuna miezi ya kuipata kwa urahisi na miezi ya kuihangaikia. Mwaka 2012 darubini za ALMA huko Chile zilionyesha gesi inayotoka kwake imejizungusha kama ganda la konokono.

Vingine usivitafute kwa vifaa vya nyumbani. Galaksi ndogo ya Mchongaji, jirani yetu wa umbali wa miaka ya nuru 290,000, Harlow Shapley aliibaini miaka ya 1930 kwenye picha za kioo zilizopigwa Bloemfontein, Afrika Kusini, na imepauka kiasi kwamba nyota zake huchanganyika na za mbele. Galaksi ya Gurudumu, iliyo kama miaka ya nuru milioni 500, iliachiwa pete yake na galaksi ndogo iliyoipasua katikati. Picha ya darubini ya anga ya James Webb ya Agosti 2022 ndiyo njia bora ya kuiona.

Daftari

Chora ulichokiona, hata kama ni duara lenye doa moja. Andika tarehe, saa, mahali, kifaa, hali ya hewa, na muda uliotumia kabla ya kukiona kitu. Muda huo ndio utakaokuonyesha macho yako yanavyokomaa. Ukurasa wangu wa kwanza wa NGC 253 unasema: dakika 40, mstari wa kijivu, sina hakika. Wa mwaka uliofuata, mahali pale pale na darubini ile ile: dakika 2, mshazari, katikati pang'avu, doa jeusi upande wa chini. Chini yake niliandika NGC 300 na kuacha nafasi, na nafasi hiyo ilijazwa Januari, usiku wa tano wa kuitafuta.